Mke Wangu Anadhani Machanuo Ndiyo Yanayotulisha

Shangazi mpendwa wa ukurasa wa nyuma, naomba msaada, na kama kuna namna ya kuitanguliza barua yangu mbele ya za wenzangu nitakushukuru sana, maana mke wangu amesema mwisho wa mwezi huu anaacha kazi, na anaiacha kwa sababu yangu, na sababu yenyewe ni uongo.

Mimi ni mchongaji wa machanuo ya mbao, yale ya meno marefu ya kuchania nywele nene, kila jino nalikata kwa msumeno mdogo kisha nalipiga tupa na msasa mpaka ukilipitisha kwenye pamba lisishike hata uzi, na hivyo ndivyo ninavyojulikana mtaani na ndivyo mke wangu alivyonijua, kwa sababu alikuja kununua chanuo, akarudi kesho yake kununua lingine, na kesho kutwa akaja bila hata kujifanya ananunua. Baba yake alipouliza kijana anafanya kazi gani akaambiwa, alicheka kwa adabu akasema binti yake hawezi kula mbao. Mke wangu kwa kawaida mbele ya baba yake hata kikohozi anakimeza, lakini siku hiyo alisimama akasema, "Mikono hii itanilisha, baba, na utakuja kuona." Maneno hayo, Shangazi, ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Mwanzoni mambo yalikwenda, kisha plastiki ikajaa madukani, na wateja wangu wakawa wanalishika chanuo, wanaligeuza huku na huku, wananiambia kazi yangu nzuri sana, halafu wanalirudisha mezani wanaaga. Nikawa narudi nyumbani mkono mtupu na mke wangu ananiambia usijali, kesho itakuwa nzuri, naye mwenyewe kachoka na mgongo unamuuma kwa kushinda kwenye cherehani, maana anashona sare katika karakana moja kubwa. Ndipo mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ni fundi bomba na mgongo wake umeanza kukataa kuinama, akaniita nikamsaidie kubadilisha mabomba katika jengo la ghorofa. Nikamsaidia, akanilipa, nikarudi nyumbani, na mke wangu alipoziona pesa uso ukamchangamka akasema, "Umeuza." Na mimi nikasema ndiyo.

Sikupanga, Shangazi, neno lilitoka lenyewe, nikajiambia nitamweleza tukishakula, na tukala, akawa anaimba huku anaosha vyombo, na mimi ulimi ukawa mzito. Wiki iliyofuata mjomba akaniita tena, na iliyofuata tena, na sasa ni kila siku, nina wateja wangu wananipigia mimi siyo mjomba, na mke wangu mpaka leo hajui kwamba nimewahi kushika spana.

Ujue sasa uongo unavyotaka kulishwa. Kama ninauza basi lazima machanuo yatoke nyumbani, kwa hiyo jioni nachonga, tena nachonga kwa bidii kuliko nilivyokuwa nachonga zamani, na asubuhi nayabeba kwenye begi mke wangu akiwa ananisindikiza mpaka mlangoni, halafu nayapeleka stoo kwa mjomba nayamwaga kwenye gunia nyuma ya masinki mabovu. Gunia la kwanza lilijaa, likaja la pili, sasa hata hayo sitaki kuyatazama. Mjomba alicheka mwanzoni akasema, "Mpwa wangu, ungeniambia kama unanifungulia saluni." Siku hizi hacheki. Na kabla sijarudi nyumbani navua ovaroli na viatu vya mpira, naoga pale pale stoo, kisha natoa kijaluba changu chenye unga wa mbao najinyunyizia kichwani, mikononi, na kidogo kwenye kola, mtu mzima na ndevu zangu, najipaka kama andazi. Gundi ya mabomba haitoki kwenye vidole, basi nimemwambia ni rangi mpya ya kung'arishia mbao, na yeye akaenda kuwaambia majirani kwamba siku hizi mume wake anatumia rangi ya kisasa.

Yaliyonitokea juzi ndiyo yaliyoniondolea usingizi. Nilipigiwa simu kwamba kuna karakana imekosa maji, nikapewa maelekezo, nikafika, na kumbe ni kwenye karakana ya mke wangu, wameniingiza kwa mlango wa nyuma ambao mimi siujui, nikaja kutambua nikiwa tayari nimelala chini ya sinki la chooni mwao na nusu ya mwili imo kabatini. Nikasikia sauti yake. Moyo ulinidunda nikadhani utagonga bomba. Nikaona viatu vyake, vile vya kamba za kijani, vimesimama karibu na goti langu, naye akasema, "Fundi, pole na kazi. Tangu asubuhi hatujanawa mikono, vitambaa vinatuchafukia." Nikaguna tu kama mtu mwenye mafua. Akasema, "Mungu akubariki, hatujui tungefanyaje." Halafu akatoka, na kule nje nikamsikia anawaambia wenzake kwamba yeye mwisho wa mwezi anaondoka, anakwenda kufanya biashara na mume wake, machanuo yanatoka kama maji, mume amezidiwa na kazi peke yake. Wenzake wakapiga vigelegele. Nilibaki mle ndani ya kabati na koki mkononi, nikatamani nisitoke tena.

Na ni kweli, Shangazi, amekata shauri. Amepata kibanda karibu na soko, ameshazungumza na mwenye nacho, anasema yeye atapiga msasa na kuuza na mimi nitachonga tu, ameniambia hayo akiwa amenishika mkono na macho yake yanang'aa, na amempigia simu baba yake, na baba mkwe, yule yule wa mbao, ameniomba radhi kwenye simu. Ameniomba radhi, Shangazi, na mimi nikamwambia hapana baba, hakuna neno, huku nakwangua gundi ya mabomba kwenye vidole. Binti yetu anasoma, kodi ya nyumba inatusubiri, na mshahara wa mama yake ndio ule ambao hauchelewi. Akiuacha halafu machanuo yasinunuliwe tutaanguka wote watatu, na mimi ndiye nitakuwa nimetusukuma.

Upande wa pili mjomba naye ananibana mbavu. Anataka kupumzika na kuniachia kazi, vifaa na wateja wake wote, na amemwita mchora mabango aandike jina langu na namba yangu ya simu kwenye mlango wa stoo kwa herufi kubwa, barabarani kabisa, ambako mke wangu anapita akienda kusuka. Nimemzungusha na kumzungusha, nikasema ngoja rangi ishuke bei, ngoja mvua iishe, na juzi akaniuliza kama namwonea aibu. Nikainama kukusanya spana, na ni yeye aliyenifundisha kazi kwa mikono yake na hakunidai hata ahsante.

Naomba unishauri, Shangazi. Je, niache mabomba leo hii nirudi kwenye machanuo kwa nguvu zangu zote, ili mpaka mwisho wa mwezi uongo wangu uwe umegeuka kweli? Au nikubali ufundi bomba moja kwa moja, na nikikubali nianzie wapi kusema? Au kuna njia ya tatu ambayo nimeifikiria, nimwambie kile kibanda kimekaa vibaya, kina joto, kina panya, asubiri kidogo asiache kazi, halafu nione la kufanya taratibu? Ninaipenda sana mbao na ninampenda sana mke wangu na nimechoka, nikisikia simu naruka, nikiona viatu vya kamba za kijani dukani moyo unanienda mbio. Tafadhali usitaje jina langu.

Ni mimi, Niliyekwama Kabatini

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu Uliyekwama Kabatini, pole. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, nakuomba radhi, ni lile andazi lililonishinda. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nilikuwa namfikiria yule mwanamke anayekusindikiza mlangoni kila asubuhi na begi la machanuo yanayokwenda guniani.

Tuanze na hiyo njia yako ya tatu, ili niitupe nje tupate nafasi ya kuzungumza. Kibanda kina panya? Wewe mtu, umechoka kulisha uongo mmoja na unataka kuuzalia mdogo wake? Leo utasema panya, kesho mkeo ataleta paka, keshokutwa utatafuta ugonjwa wa paka. Mwanamke aliyesimama mbele ya baba yake kwa ajili yako hazuiwi na panya. Acha kabisa, na usiniandikie tena jambo la namna hiyo.

Njia ya kwanza nayo ni ndoto ya mchana. Unataka kugeuza uongo uwe kweli kabla ya mwisho wa mwezi, yaani uache kazi inayoweka chakula mezani ili kuokoa maneno yaliyokutoka siku ile uliporudi na pesa za mjomba. Wateja wako wa mabomba utawaambia nini, subirini nywele zichanwe kwanza? Hapana. Mabomba huyaachi. Hilo lisikusumbue hata kidogo, na wala usijidanganye kwamba bado unachagua kati ya ufundi huu na ule. Ulishachagua siku wateja walipoanza kukupigia wewe badala ya mjomba wako. Kilichobaki ni kumwambia mwenzako.

Lakini kuna kitu kwenye barua yako kimenikera kuliko hata huo uongo, na nakiweka wazi kwa sababu naona wewe mwenyewe hukioni. Unasema machanuo hayauziki. Niambie, tangu siku ile uliyosema ndiyo, ni mteja gani amepewa nafasi ya kununua? Unayatoa nyumbani, unayapeleka stoo, unayazika nyuma ya masinki, kisha unakaa unalia kwamba hayanunuliwi. Yamekataliwa na nani, mwanangu? Na masinki? Umechonga kwa bidii kuliko zamani, ndivyo ulivyoandika, basi inawezekana kwamba kazi nzuri kuliko zote uliyowahi kufanya imo guniani na hakuna binadamu aliyeiona. Hapo ndipo nilipotamani nikufinye sikio.

Simaanishi kwamba ukiyatoa yatauzika. Mimi siyo mpiga ramli. Huenda yakauzika machache, huenda watu wakayasifu tena na kuyarudisha mezani. Ninachosema ni kwamba hujui, na mkeo hajui, na mnataka kuweka mshahara wa mwezi na karo ya mtoto juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu anayekijua. Yeye anakwenda kwa imani, wewe unakwenda kwa woga, na wote wawili mmefumba macho.

Sasa kuhusu huyo mkeo. Usimdharau. Alizungumza na fundi bomba aliyelala chini ya sinki, hakumjua, hakuona uso wake, akampa pole na kumwombea baraka. Watu wangapi wanafanya hivyo? Wengi wanaliruka goti la fundi kana kwamba ni ndoo. Kwa hiyo usiniletee habari kwamba ataona haya kuolewa na mtu wa mabomba. Yeye heshima ya kazi hiyo anayo, wewe ndiye unayeiosha mwilini kule stoo kila jioni kama uchafu. Na mjomba wako ameliona hilo kabla yangu, ndiyo maana alikuuliza kama unamwonea aibu. Mzee wa watu amekupa mkate, na wewe unauficha kwapani.

Inawezekana pia kwamba mkeo amekwisha kuhisi jambo. Wanawake tunanusa, na gundi ya mabomba ina harufu yake, hata ukijinyunyizia mti mzima. Lakini nakuonya, usije ukajificha kwenye hilo ukasema basi anajua, tuendelee kunyamaza. Kama anajua nusu, nusu nyingine ndiyo inayomfanya aache kazi. Na kama hajui kabisa, basi kila siku unayokaa kimya anazidi kuaga wenzake, anazidi kumsifia mume wake, na siku akijua aibu itampata mbele ya karakana nzima. Vile vigelegele alivyopigiwa atalazimika kuvirudisha yeye, siyo wewe. Umeliwaza hilo ulipokuwa kabatini?

Atakasirika. Sikufichi. Tena atakasirika vibaya, kwa sababu hukumdanganya juu ya jambo dogo, umemwacha ajenge mipango yake yote hewani na wewe ukimshikia ngazi. Anaweza kulia, anaweza kunyamaza siku kadhaa, ambako ni kubaya zaidi, anaweza kwenda kulala kwa dada yake. Usimfuate na maelezo. Usimwambie nilifanya kwa ajili yenu, maana hilo neno hata likiwa kweli linachoma. Mwache akasirike mpaka atosheke, na wewe uendelee kwenda kazini, safari hii ukiwa umevaa ovaroli yako kutoka nyumbani.

Haya, nisikilize vizuri sasa, maana mwisho wa mwezi haungojei mtu. Mjomba mwombe radhi kwanza, huyo ni rahisi, amekupenda siku zote. Mwambie bango liandikwe, lakini mchoraji asiguse mlango mpaka mkeo awe amesikia kutoka kinywani mwako, kwa sababu akilisoma barabarani akiwa njiani kwenda kusuka hakuna ushauri wangu utakaokufaa tena. Mkeo asiache kazi. Hilo ndilo la kwanza na la mwisho, hata mkikosana kwa mengine yote mkubaliane hilo. Akikuamini tena, mpeleke stoo, umwonyeshe magunia, umwachie yeye aamue yafanywe nini. Yeye ana mdomo wa kuuza, wewe una mikono ya kuchonga na mdomo wa kunyamaza, tumekwisha kuona. Akitaka kukikodi kile kibanda kwa Jumamosi tu, akayapange machanuo aone watu wanasemaje, mpe baraka zako. Yakitoka, mtajua yametoka kweli. Yasipotoka, hakuna aliyelala njaa, na wewe utaendelea kuchonga jioni kwa sababu unaipenda mbao, jambo ambalo halihitaji kisingizio. Kijaluba cha unga kitupe.

Baba mkwe mwache kwanza. Najua anakutia hofu, na radhi yake ya kwenye simu imekukaa kooni, lakini huyo siye uliyelala naye kitanda kimoja ukimficha. Mkeo akishatulia, yeye mwenyewe atajua amwambie nini baba yake, na nina hakika atakutetea kuliko unavyostahili.

Mwambie leo, gazeti hili likiwa bado mkononi mwako. Usisubiri akipika, usisubiri akifurahi, usimnunulie zawadi kwanza. Mkalishe, mwambie hivi, pesa unazoziona nazipata kwa kutengeneza mabomba, machanuo sijauza, naomba usiache kazi. Maneno ni hayo tu, yanatosha. Akikuuliza kwa nini ulificha muda wote huu, na atakuuliza, usimsingizie baba yake na usiisingizie plastiki. Mwambie uliogopa kwamba yeye alimpenda mchongaji, na kwamba fundi bomba hatamtaka. Umeniandikia barua ndefu yenye kila kitu, mwanangu, na hilo moja hata mimi hukuthubutu kuniambia.